Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Somo la kusoma na kujadiliana: utalii wa wanyama na utalii wa utamaduni

Simama kando ya barabara kuu pale Bunda, asubuhi, wakati wa kiangazi. Utaona magari ya watalii yakipita. Mengine yanatoka Musoma na kuelekea lango la Ndabaka, kuingia Hifadhi ya Serengeti. Mengine yanakata kuelekea Nata na lango la Ikoma. Watoto wanakimbia na kupunga mikono. Wageni nao wanapunga. Gari linapita. Sisi tunabaki na vumbi.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tujiulize swali moja tu. Mgeni amekuja. Je, mwenyeji amepona?

Somo hili lina sehemu saba. Usikimbilie kulimaliza. Soma sehemu moja kwa siku. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane. Mwisho wa somo kuna maswali.

SEHEMU YA 1: MGENI ANAKUJA KUTAZAMA NINI?

Kwanza, mgeni anakuja kutazama wanyama. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Mwaka 1981 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani yake wamo nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala laki kadhaa.

Nyumbu hawakai mahali pamoja. Wanafuata mvua na majani. Kuanzia Desemba hadi Machi wengi wako kusini, kwenye nyanda za majani mafupi. Huko ndiko wanakozalia. Mwezi Mei na Juni wengi hufika upande wetu wa magharibi na kuvuka mto Grumeti, penye mamba. Kuanzia Julai hadi Oktoba wako kaskazini, karibu na mto Mara. Mvua zikianza tena, wanarudi kusini. Mwongoza wageni anayejua kalenda hiyo hampeleki mgeni mahali patupu.

Ndani ya hifadhi kuna amri zake. Gari lisipite mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Lisiache njia. Mtu asishuke ovyo. Asiwape wanyama chakula. Amri hizi zinawalinda wanyama, na zinamlinda mtu pia.

Hapa tukumbuke jambo ambalo wengi wetu tunalichanganya. Ardhi yenye wanyama si ya namna moja:

(a) Hifadhi ya Taifa, kama Serengeti. Inasimamiwa na TANAPA. Kuwinda hakuruhusiwi kabisa.

(b) Pori la akiba, kama Grumeti na Ikorongo. Mapori haya mawili yalitangazwa mwaka 1994.

(c) Jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Hii iko kwenye ardhi ya vijiji. Vijiji vyenyewe vinatenga eneo, vinaingia mikataba na wenye hoteli na kambi, na mapato yanarudi vijijini. Mfano uko hapa kwetu. Ni Jumuiya ya Ikona, yenye vijiji vitano: Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso.

Kwa hiyo usiseme tu "porini". Uliza: pori la nani? Nani anakusanya ada hapa? Nani anasaini mkataba?

SEHEMU YA 2: MGENI ANAKUJA KUTAZAMA WATU PIA

Mgeni akishatosheka na simba na tembo, husema: sasa nataka kuona watu. Nataka kuona wanavyoishi, wanavyocheza ngoma, wanavyopika. Huu ndio unaitwa utalii wa utamaduni. Katika nchi yetu ulianza kupangwa vizuri katika miaka ya 1990.

Tufuate gari moja. Limeingia Ndabaka. Limepita Serengeti yote mpaka kilima cha Naabi. Limepanda Ngorongoro, likateremka Karatu. Kutoka Karatu limeshuka tena bondeni, kwenye nchi kavu ya ziwa Eyasi, yenye joto, miiba na mibuyu. Huko wanaishi Wahadzabe.

Wahadzabe ni watu wachache, kama elfu moja na zaidi kidogo. Wako katika mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Simiyu, kulizunguka ziwa hilo. Wale ambao bado wanategemea zaidi kuwinda na kuchuma ni mia chache tu. Wanaume huwinda kwa upinde na mshale. Wanawake huchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa na kuchuma matunda. Wote hupenda asali. Ndege mlembe huita, mtu humwitikia na kumfuata mpaka kwenye mzinga. Mlembe naye hupata masega na nta.

Lugha yao, Kihadza, ina sauti za kupiga ulimi mdomoni, kama mtu anayeswaga punda. Wasandawe wa mkoa wa Dodoma nao wana sauti kama hizo. Na mbali kusini, kwenye jangwa la Kalahari, katika nchi za Botswana, Namibia na Afrika Kusini, wapo Wasan, ambao lugha zao zina sauti za namna hiyo. Zamani wataalamu walidhani hawa wote ni ukoo mmoja wa lugha. Siku hizi wengi wanaona kwamba Kihadza kimesimama peke yake. Hakina ndugu anayejulikana.

Msomaji mwingine atasema: hao ni watu wa porini, sisi tumeendelea. Ngoja kwanza. Kawaulize wazee wa Nata asili yao. Watakusimulia kwamba mwanamume wa kwanza alikuwa mwindaji na mwanamke wa kwanza alikuwa mkulima. Basi damu ya mwindaji imo hata ndani yetu sisi wenye majembe. Tusimcheke mwenzetu kwa kazi aliyoifanya babu yetu.

SEHEMU YA 3: ASUBUHI MOJA KANDO YA EYASI

Ziara kwa Wahadzabe kwa kawaida huenda hivi. Wageni wanalala karibu na Mang'ola. Wanaamka kabla ya jua. Wanampata kiongozi wa hapo hapo anayejua Kihadza, kwa kuwa Kiswahili peke yake hakitoshi. Wanalipa ada. Wanakwenda kambini.

Kambini wanawakuta wanaume wamekaa motoni, wananyoosha mishale. Kijana anapekecha moto kwa vijiti viwili mpaka moshi unatoka. Kisha wanaume wanatoka kuwinda na wageni wanawafuata nyuma, wakichomwa na miiba. Siku nyingine wanapata ndege au mnyama mdogo. Siku nyingine hawapati kitu. Wanaporudi, wanawake wanawaonyesha jinsi ya kuchimba mizizi. Mgeni anajaribu kupiga upinde. Wote wanacheza. Wageni wananunua shanga na mishale. Baadaye wengi hupelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao huyeyusha kufuli kuukuu na mabomba na kufua bangili na vichwa vya mishale.

Kwa macho, asubuhi hiyo ni nzuri. Mgeni amejifunza na mwenyeji amepata fedha. Lakini watafiti walioishi na Wahadzabe miaka mingi wameandika jambo la kusikitisha. Mahali ambapo wageni ni wengi na fedha taslimu hutolewa mkononi kila siku, pombe hufuata. Mtu anaacha kuchimba mizizi na kurina asali, anangojea gari. Fedha ya asubuhi inakwisha jioni. Watoto wanabaki na njaa.

Ndugu msomaji, kosa si la fedha. Fedha ni kama maji. Ukiyachimbia mfereji yanamwagilia bustani. Ukiyaacha yanabomoa nyumba.

SEHEMU YA 4: ARDHI KWANZA, NGOMA BAADAYE

Wasan wa Kalahari wametuachia funzo kubwa. Mwaka 1961, wakati wa ukoloni, lilitengwa eneo kubwa la hifadhi katikati ya jangwa hilo, katika nchi inayoitwa sasa Botswana. Wasan walikuwa wakiishi humo. Baadaye, mwaka 1997 na mwaka 2002, serikali ya Botswana iliwahamisha na kuwapeleka kwenye makazi ya nje. Wenyewe wakafungua kesi. Kesi ilikuwa ndefu. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba waliofungua kesi waliondolewa katika ardhi yao isivyo halali, na kwamba wana haki ya kurudi.

Jirani yao, Namibia, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1998 Wasan wa Nyae Nyae waliandikisha jumuiya yao wenyewe ya hifadhi, na wakapata sauti juu ya wanyama na juu ya wageni. Katika nchi hiyo kuna mahali ambapo Wasan huwapokea wageni kwa saa maalumu. Huvaa ngozi za zamani, huwasha moto kwa vijiti, huonyesha mitego na michezo. Kazi ikiisha huvaa nguo zao za kila siku na kurudi nyumbani. Hawajifanyi kwamba hawajui suruali. Wanamwambia mgeni wazi: hivi ndivyo walivyoishi mababu zetu, nasi tunayahifadhi maarifa yao.

Wahadzabe nao walipigania ardhi. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka ng'ambo ilitaka kulitumia bonde la Yaeda. Wahadzabe walilalamika, malalamiko yakasikika mpaka nchi za nje, kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati miliki ya kimila. Hati hiyo si ya mtu mmoja. Ni ya jumuiya.

Umeona mpangilio? Mwenye karatasi ya ardhi anaweza kumwambia mgeni "karibu", na anaweza pia kumwambia "leo hapana". Asiye na karatasi anangoja kuambiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inahusu vijiji vyote vya Tanzania Bara, pamoja na kijiji chako. Nenda ofisi ya kijiji. Uliza kama mpango wa matumizi ya ardhi upo. Omba kuusoma.

SEHEMU YA 5: KARATASI ILIYOSOMWA

Sasa turudi nyumbani. Nitawasimulia jambo nililoliona mwenyewe. Jina la kijiji naliacha.

Kikundi kimoja cha ngoma, watu 20, wake kwa waume, kilialikwa kuwachezea wageni kambini. Walicheza vizuri. Litungu lililia, vumbi likapanda, wageni wakapiga makofi. Mwisho kijana aliyewaleta wageni akampa mwenyekiti wa kikundi shilingi 60,000 na kreti mbili za soda. Akatoa karatasi, mwenyekiti akachovya dole gumba kwenye wino akaliweka. Watu wakafurahi. Kila mmoja alipata shilingi 3,000.

Katika kikundi hicho alikuwamo mama mmoja aliyehitimu darasa letu la kisomo. Macho yake yaliangukia ile karatasi kabla haijakunjwa. Akasema, "Mwanangu, hebu nione hiyo."

Kijana akasema, "Aa mama, ni mambo ya ofisi tu."

"Hata mimi nina ofisi, mwanangu. Lete."

Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Watu walinyamaza. Imeandikwa: *Ngoma ya asili, watu 20, shilingi 300,000. Zimepokelewa zote.* Na chini yake, dole gumba la mwenyekiti.

Kijana alianza kujieleza. Kuna mafuta ya gari, kuna wakala wa mjini, kuna chakula. Mama akamjibu bila hasira: "Najua mafuta yana bei, mwanangu. Lakini karatasi hii haisemi mafuta. Inasema ngoma. Tena inasema tumepokea zote."

Fedha ile haikurudi. Nawaambieni kweli, haikurudi. Dole gumba lilikuwa limeshakauka. Lakini juma lile lile kikundi kilikutana chini ya mwembe. Mwenyekiti, mzee wa watu, akasimama akasema, "Ndugu zangu, kosa ni langu. Niliona aibu kusema sijui kusoma." Hakuna aliyemcheka. Mama yule alichaguliwa kuwa katibu. Na mzee alijiandikisha darasani. Alikuwa akikaa mstari wa mbele.

Tufanye hesabu. Laki tatu ukigawanya kwa watu 20, kila mmoja ni shilingi 15,000. Wao walipata 3,000. Hata kama nusu ya laki tatu ingekwenda kwenye gari na wakala, kila mmoja angepata shilingi 7,500. Tofauti hiyo ni daftari za mtoto.

SEHEMU YA 6: MAMBO SITA YA KUFANYA KABLA MGENI HAJAFIKA

1. Kutaneni, mwamue mnataka au hamtaki. Kupokea wageni si lazima. Kikundi kikisema hapana, hapana hiyo iheshimiwe. Wanawake na vijana wasemwe kwa midomo yao wenyewe, si kwa midomo ya wazee tu.

2. Pangeni kitakachoonyeshwa na kisichoonyeshwa. Ngoma, mapishi, ususi, ufinyanzi, uvuvi, hadithi za asili: hayo yanafaa. Mahali pa matambiko, mazishi na siri za rika si vitu vya kuuza. Na mila mbaya haiwi njema kwa sababu mgeni amelipa. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1998, mgeni awepo asiwepo.

3. Semeni ukweli. Kama siku hizi mnapikia sufuria, msimwambie mgeni kwamba hamjawahi kuiona. Mwambieni: hiki ni chungu cha bibi zetu. Mgeni mwenye akili anaheshimu ukweli kuliko maigizo.

4. Wekeni amri ya picha. Mgeni aombe kwanza. Mtoto asipigwe picha bila ruhusa ya mzazi. Wala mtoto asiache shule kwa kungojea peremende kando ya barabara. Hiyo ni kumfundisha kuomba.

5. Chagueni viongozi watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Fedha ipokelewe na mweka hazina mbele ya watu wawili, na stakabadhi itolewe papo hapo. Fedha nyingi ziende benki au kwenye akaunti ya kikundi, zisilale chini ya godoro la mtu.

6. Jiandikisheni. Kikundi chenye katiba na cheti hakidharauliwi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaonyesha njia.

Mfano wa utaratibu mzuri tunao Butiama. Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule Mwalimu alipofariki. Mgeni anapofika analipa kiingilio na kupokelewa na mtu wa kazi hiyo. Anaonyeshwa vitu alivyotumia Mwalimu, anasimuliwa habari za maisha yake, na huweza kufika Mwitongo penye kaburi lake. Hakuna kusukumana wala kudandia gari. Wanafunzi wetu wenyewe nao ni wageni huko, si wazungu tu. Kama kikundi chako kiko jirani na Butiama au Musoma, fikirini: mgeni akitoka makumbusho, atakula wapi? Atasikia litungu wapi? Nani atampeleka ziwani kuona jinsi wavuvi wanavyotoa nyavu asubuhi?

Neno moja pia kwa majirani wa hifadhi. Mgeni anampenda tembo, lakini tembo huyo huyo anamaliza mahindi yako usiku mmoja. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Usikae na uchungu nyumbani. Andika tarehe, saa, mahali, na ukubwa wa shamba lililoliwa. Toa taarifa ofisi ya kijiji mara moja, na ubaki na nakala yako. Malalamiko ya mdomo husahauliwa.

SEHEMU YA 7: HESABU NA KARATASI

Hesabu ya mfano. Wageni 10 wamekuja. Kila mmoja analipa shilingi 15,000 kwa ngoma na chakula cha asili.

Mapato: 10 × 15,000 = 150,000
Chakula na kuni: 30,000
Mfuko wa kijiji: 15,000
Akiba ya ngoma na mavazi: 15,000
Jumla ya matumizi na akiba: 60,000
Baki: 150,000 – 60,000 = 90,000
Wachezaji na wapishi ni 18. Kila mmoja: 90,000 ÷ 18 = 5,000

Andikeni hesabu hii ukutani au ubaoni, kila mtu aione. Hesabu iliyofichwa huzaa ugomvi hata kama ni ya haki.

Sasa karatasi. Mapatano na mwenye wageni yasiwe ya mdomo tu. Haya ndiyo yawemo. Nakilini kwenye daftari:

MAPATANO
Tarehe: ..............
Sisi kikundi cha .............. cha kijiji cha .............. tumepatana na .............. (jina la kampuni au mwenye wageni).
Wageni watakuwa watu ..............
Watafika saa .............. na kuondoka saa ..............
Tutawaonyesha: ..............
Hatutaonyesha: ..............
Picha: zinaruhusiwa / haziruhusiwi / kwa kuomba.
Malipo ya kikundi: shilingi .............. (kwa tarakimu)
Malipo ya kikundi: shilingi .............. (kwa maneno)
Malipo ya mengine, kama gari na kiongozi, yaandikwe peke yake: ..............
Sahihi ya kikundi: ..............
Sahihi ya mwenye wageni: ..............
Shahidi: ..............

Andikeni nakala mbili. Moja yenu, moja yake. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja ni rahisi kuongezwa, lakini maneno "elfu sitini" hayageuki kuwa "laki tatu".

Na msisaini kabla ya kuhesabu fedha iliyoko mkononi. Kwanza hesabu, kisha soma, kisha sahihi. Mgeni wa kweli atangoja. Asiyeweza kungoja dakika tano, ana jambo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ada: malipo yaliyopangwa kwa ajili ya huduma.
Hati miliki ya kimila: karatasi ya kisheria inayoonyesha nani ana haki ya ardhi ya kijiji.
Nakala: karatasi ya pili inayofanana na ya kwanza.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha fedha imepokelewa, wengine huita risiti.
Utalii wa utamaduni: ziara ya kujifunza maisha, kazi na sanaa za watu.
Wakala: mtu au kampuni inayofanya kazi kwa niaba ya mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja aina tatu za ardhi yenye wanyama. Kijiji chako kiko karibu na ipi?
2. Nyumbu hufika upande wetu wa magharibi miezi gani? Kikundi kingejiandaaje kabla ya miezi hiyo?
3. Kwa nini fedha taslimu iliwaletea shida baadhi ya Wahadzabe? Je, jambo kama hilo laweza kutokea kwetu?
4. Mahakama ya Botswana iliamua nini mwaka 2006? Lina funzo gani kwa kijiji chenu?
5. Yule mama alisema, "Karatasi hii haisemi mafuta. Inasema ngoma." Alikuwa na maana gani?
6. Hesabu: wageni 8 wanalipa shilingi 20,000 kila mmoja. Matumizi na akiba ni shilingi 40,000. Wachezaji ni 15. Kila mmoja atapata kiasi gani?
7. Katika kijiji chenu, ni kitu gani ambacho hamngependa kumwonyesha mgeni, hata akilipa kiasi gani? Kwa nini?

(Jibu la swali la 6: shilingi 8,000.)

Ndugu msomaji, kesho gari litapita tena barabarani. Likisimama na mtu akashuka kukusalimu, msalimu kwa heshima, maana mgeni ni mgeni. Mpe kiti, mpe maji. Kisha akitoa karatasi, usitafute wino wa dole gumba. Mwambie: "Karibu. Ngoja kwanza niisome."